Mwongozo kamili: kuchukua mistari na kolamu kwenye R na pandas bila kupata majibu ya uongo

Skrinshoti ninazotumiwa ni zile zile kila siku. Mtu kasoma R chuoni, kaingia kazini kakuta wenzake wanatumia Python na pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali), au kinyume chake, basi anazichukua amri zake za zamani anazihamisha na mabano yake kama yalivyo, halafu namba hazilingani na hajui kwa nini. Mabano ya mraba yanafanana kwa macho tu, ndani kila lugha ina mambo yake.

Ikikupa kosa jekundu shukuru Mungu, utarekebisha. Kazi ipo pale inapokupa jibu safi kabisa na jibu lenyewe uongo. Mwongozo huu unazifuata khasa hizo za kimya kimya, kwa hiyo yakhe usiruke hatua kwa kuona hii naijua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- R toleo la 4 kwenda juu. RStudio ukiwa nayo vizuri, si lazima.
- Python na pandas. Bando likiwa dogo usihangaike na Anaconda, ni zito, weka Python ya kawaida halafu `pip install pandas` inatosha.
- Daftari na kalamu. Sitanii, nitakwambia uandike jibu unalotegemea kabla hujabonyeza Enter.
- Faili moja linaloitwa `karafuu.csv`, liandike mwenyewe kwenye Notepad kama lilivyo hapa:

```
shehia,wilaya,kilo,daraja
Konde,Micheweni,42,1
Wingwi,Micheweni,18,2
Piki,Wete,,1
Vitongoji,Chake Chake,65,2
Kengeja,Mkoani,30,3
Mtambile,Mkoani,51,1
```

Majina ni ya Pemba kweli ila kilo na madaraja nimeyatunga, msije mkaniletea masheha. Kilo za Piki nimeziacha wazi makusudi, usizijaze.

## Hatua ya 1: Fungua faili pande zote mbili

R:

```
d <- read.csv("karafuu.csv")
str(d)
```

Python:

```
import pandas as pd
d = pd.read_csv("karafuu.csv")
print(d)
d.shape
```

Umefaulu ikiwa R inasema `6 obs. of 4 variables` na pandas inakupa `(6, 4)`. Kwenye pandas utaona kilo zimeandikwa 42.0 badala ya 42. Hiyo si hitilafu, nafasi tupu kwenye pandas ni `NaN`, na `NaN` ni namba ya desimali, kwa hiyo kolamu nzima inageuka kuwa ya desimali.

Sasa tizama namba za pembeni kushoto. R inaandika 1 mpaka 6, pandas 0 mpaka 5. Zikumbuke, tutazirudia.

## Hatua ya 2: Hesabu inaanzia wapi na inaishia wapi

R inahesabu kuanzia 1 na namba ya mwisho imo. Pandas ukitumia `iloc` inahesabu kuanzia 0 na namba ya mwisho haimo. Kwa hiyo andika kwenye daftari unategemea nini hapa:

```
d[2:4, ]        # R
d.iloc[2:4]     # pandas
```

R inakupa Wingwi, Piki na Vitongoji. Pandas inakupa Piki na Vitongoji basi. Namba ni zile zile, mistari si ile ile, wala hakuna aliyepiga kelele.

Kutoka R kwenda `iloc` fanya hivi: namba ya kuanzia punguza moja, ya kumalizia iache. `d[2:4, ]` inakuwa `d.iloc[1:4]`. Watu wengi wanapunguza zote mbili, ndo wanapoteza mstari wa mwisho.

Tahadhari ya alama ya kutoa. `d[-1, ]` kwenye R maana yake nipe yote isipokuwa mstari wa kwanza. `d.iloc[-1]` kwenye pandas maana yake nipe mstari wa mwisho. Hapa mtu alohamisha amri kwa haraka anakuja kuchora grafu ya mstari mmoja na analaumu laptopu.

Tahadhari ya kuvuka mpaka. Omba mstari wa 7 ambao haupo. Pandas `d.iloc[6]` inagoma kwa `IndexError`. R `d[7, ]` haigomi, inakutengenezea mstari mzima wa `NA`, yaani alama ya R ya nafasi tupu. Na `d[0, ]`, ambayo alozoea Python ataiandika bila kufikiri, inarudisha jedwali lisilo na mstari hata mmoja, kimya.

## Hatua ya 3: Usisahau koma

Hii fupi. Kwenye R koma ndani ya mabano ndo inayotenganisha mistari na kolamu. Ukiiweka, kushoto mistari, kulia kolamu. Ukiisahau, R inadhani unataka kolamu.

```
d[1:4]    # R: kolamu 1 mpaka 4, yaani jedwali zima
d[1:4]    # pandas: mistari mitatu
```

Amri ni ile ile herufi kwa herufi. Pandas nayo ina vituko vyake: `d[1:4]` inachukua mistari, lakini `d[1]` inatafuta kolamu inayoitwa 1, haipo, inagoma kwa `KeyError`. Ushauri wangu kwenye pandas, mabano matupu yatumie kwa mambo mawili tu, kuchukua kolamu kwa jina na kuchuja kwa sharti. Kwengine kote andika `loc` au `iloc`.

## Hatua ya 4: loc na iloc, hapa kaa kitako

Hapa ndo nnapopata skrinshoti nyingi kuliko pahala pengine, kwa hiyo polepole.

`iloc` inaangalia mstari umekaa wa ngapi. `loc` inaangalia lebo, yaani ile namba ya pembeni kushoto. Ukishafungua faili tu vitu hivi viwili vinalingana, ndo maana watu wanadhani ni kitu kimoja. Chukulia magunia ya karafuu yamepangwa ghalani, kila gunia limeandikwa namba kwa wino. Ukiyahamisha, nafasi inabadilika, wino haubadiliki. `loc` inasoma wino.

Hebu panga jedwali kwa kilo:

```
p = d.sort_values("kilo")
print(p)
```

Utaona lebo za pembeni zimekuwa 1, 4, 0, 5, 3, 2, maana Wingwi mwenye kilo 18 kaja juu na Piki asiye na kilo kapelekwa mwisho. Sasa kabla hujaendesha hizi andika daftarini kila moja itatoa mistari mingapi:

```
p.iloc[0:2]
p.loc[0:2]
```

Ya kwanza inatoa miwili, Wingwi na Kengeja. Ya pili inatoa minne: Konde, Mtambile, Vitongoji, Piki. Sababu, `loc` imeanza pale ilipoikuta lebo 0, ikateremka mpaka ilipoikuta lebo 2, na kila kilichokuwa katikati ikakibeba. Na kwenye `loc` ya mwisho imo, tofauti na `iloc`. Mtu alokuwa anataka shehia mbili zenye kilo chache kaondoka na nne, tena zile kubwa zote zimo.

Mambo yale yale yanatokea baada ya kuchuja. Ukibakisha mistari yenye lebo 0, 3 na 5 halafu ukaomba `.loc[1]`, inagoma kwa sababu wino wa 1 haumo tena. Dawa yake:

```
p = p.reset_index(drop=True)
```

Bila `drop=True` zile lebo za zamani zinageuzwa kuwa kolamu mpya inayoitwa `index`, uchafu wa bure.

R nayo inatunza majina ya mistari baada ya kupanga, utayaona pembeni, lakini ukiandika namba inahesabu nafasi siku zote. `p <- d[order(d$kilo), ]` halafu `p[1:2, ]` inakupa Wingwi na Kengeja bila maneno. Ukitaka jina la mstari kwenye R unaliweka kwenye alama za kunukuu, `p["1", ]`, hiyo inakuletea Konde.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kueleza kwa mdomo kwa nini ilikuwa minne na si mitatu.

## Hatua ya 5: Kuchuja kukiwa na nafasi tupu

Swali la bosi: shehia ngapi zimezidi kilo 40? Kwa macho tu unaona Konde, Vitongoji, Mtambile. Tatu.

```
nrow(d[d$kilo > 40, ])      # R: 4
len(d[d["kilo"] > 40])      # pandas: 3
```

R imesema nne. Ichapishe `d[d$kilo > 40, ]` uone, kuna mstari mzima wa `NA`, shehia `NA`, wilaya `NA`, kila kitu. Huyo ni Piki kavuliwa jina. R inapoulizwa je hiki kisichojulikana kimezidi 40, inajibu sijui, na sijui ikiingia kwenye mabano inarudisha mstari usiojulikana. Mantiki yake ipo, ila ukiwa na dodoso la watu wengi na nafasi tupu zimetawanyika, idadi yako inavimba na huoni.

Kwenye R andika moja ya hizi, zote zinatoa tatu (`which` inachukua namba za mistari yenye jibu la kweli tu):

```
d[which(d$kilo > 40), ]
subset(d, kilo > 40)
```

Wanaotumia `filter` ya dplyr, kifurushi cha R, wako salama hapa, nayo inaziacha `NA` nje.

Lakini msiondoke mkasema pandas bora, subirini. Pandas ikilinganisha `NaN` na chochote kwa `>` inajibu uongo (`False`), si sijui. Sasa geuza swali, nipe ambazo hazijazidi 40:

```
d[~(d["kilo"] > 40)]
d[d["kilo"] <= 40]
```

Mtu anaona ni kitu kimoja. Ya kwanza inatoa tatu: Wingwi, Piki, Kengeja. Ya pili mbili, Piki hayumo. Ile alama ya `~` imeugeuza uongo kuwa kweli, basi Piki ambaye hata hajapimwa kahesabiwa kuwa kavuna kidogo. Ripoti ikisomwa mbele ya watu wa Piki utajieleza mwenyewe. Ukitaka kukanusha kwenye pandas taja nafasi tupu wazi:

```
d[d["kilo"].notna() & ~(d["kilo"] > 40)]
```

Tahadhari ya which na alama ya kutoa. Kuna watu wakishaipenda `which` wanaitumia kufuta: `d[-which(d$kilo > 100), ]`, yaani ondoa zilizozidi mia. Hakuna iliyozidi mia, kwa hiyo ungetegemea zibaki sita. Inabaki sifuri. `which` haikupata kitu, kutoa kitu ambacho hakipo ni hakuna kitu, na R imekuletea mistari ya hakuna kitu. Siku data ina mkubwa inafanya kazi vizuri, siku haina inakufutia yote. Andika `d[is.na(d$kilo) | d$kilo <= 100, ]`.

Masharti mawili. R haina tabu, `d$kilo > 20 & d$daraja == 1` inaeleweka, ila Piki atakurudia kama `NA` kwa hiyo ifunge na `which`. Pandas inataka kila sharti ndani ya mabano yake:

```
d[(d["kilo"] > 20) & (d["daraja"] == 1)]
```

Bila hayo mabano `&` inafanya kazi mwanzo kabla ya `>`, inakamata `20 & d["daraja"]`, halafu inakurushia lile kosa refu la truth value is ambiguous. Ukiandika `and` utapata hilo hilo. Jibu sahihi pande zote ni mistari miwili, Konde na Mtambile.

## Hatua ya 6: Kolamu moja inarudi ikiwa na umbo gani

Kolamu moja ni kitu gani, jedwali au orodha ya namba? Inategemea ulivyoiomba.

- R `d["kilo"]`: jedwali. R `d[, "kilo"]`: vekta, yaani orodha ya thamani. R `d[["kilo"]]` na `d$kilo`: vekta.
- pandas `d["kilo"]`: `Series`, ndo orodha ya pandas. pandas `d[["kilo"]]`: jedwali.

Angalia vizuri, mabano mawili kwenye R yanavua umbo la jedwali, kwenye pandas yanalibakisha. Yamegeuzana kabisa.

Inauma khasa kwenye fanksheni ulizoandika mwenyewe. Umeweka `d[, kolamu]`, ukiipa kolamu mbili inakwenda vizuri, ukiipa moja jedwali linayeyuka kuwa vekta na `nrow` inakupa `NULL`. Weka `d[, kolamu, drop = FALSE]` ndani ya kila fanksheni.

Na sasa alama ya dola, ambayo mimi kwenye kazi ya ripoti siitumii. Badilisha jina la kolamu uone:

```
names(d)[3] <- "kilo_mbichi"
sum(d$kilo, na.rm = TRUE)
```

Kolamu `kilo` haipo tena. R inakujibu 206, jumla ya `kilo_mbichi`, kwa sababu `$` ikikosa jina kamili inachukua linaloanza hivyo hivyo likiwa moja tu. Anayejua karafuu anajua mbichi na kavu si kitu kimoja, na hapo umeshaandika kavu kwenye ripoti. Zikiwepo kolamu mbili zinazoanza hivyo inarudisha `NULL`, na `sum` ya `NULL` ni 0, pia bila kelele. `d[["kilo"]]` haibahatishi jina lakini nayo jina likikosekana inarudisha `NULL`. Inayogoma kwa kweli ni `d[, "kilo"]`, itasema undefined columns selected. Pandas inagoma kwa `KeyError`, hapa nampa pointi.

Ukiipenda sana dola weka juu ya skripti `options(warnPartialMatchDollar = TRUE)`, angalau itakuonya. Halafu rudisha jina: `names(d)[3] <- "kilo"`.

## Hatua ya 7: Kuandika thamani mpya

Piki wamepatikana, kilo 27. Fungua faili upya pande zote kisha:

```
d[d$shehia == "Piki", "kilo"] <- 27          # R
d.loc[d["shehia"] == "Piki", "kilo"] = 27    # pandas
```

Kwenye pandas mistari na kolamu viandike ndani ya `loc` moja. Ukiandika `d[d["shehia"] == "Piki"]["kilo"] = 27` unaandika kwenye kopi inayotupwa hapo hapo, jedwali lako halijaguswa. Pandas za zamani zilikuwa zinatoa onyo la `SettingWithCopyWarning` na watu wakalizoea wakalipuuza, kwenye pandas 3 njia hiyo haibadilishi kitu kabisa.

Jengine, `b <- d` kwenye R ukibadilisha `b`, `d` inabaki salama. `b = d` kwenye Python si kopi, ni jina la pili la jedwali lile lile, ukigusa `b` umegusa `d`. Andika `b = d.copy()`.

Umefaulu ikiwa jumla ya kilo pande zote ni 233.

## Ukikutana na jamaa zao

tibble. Ni jedwali la aina nyengine la R, lakini `t[, "kilo"]` inabaki jedwali, na `$` haibahatishi jina, inaonya na kurudisha `NULL`.

data.table. Nayo R, ila koma si lazima: `dt[2]` ni mstari wa pili, wakati kwenye jedwali la kawaida la R ni kolamu ya pili. `dt[kilo > 40]` inaziacha `NA` nje yenyewe. `dt[, kilo]` vekta, `dt[, .(kilo)]` jedwali. Na alama ya `:=` inabadilisha jedwali hapo hapo, kwa hiyo ukitaka kopi ni `copy(dt)`.

Julia na DataFrames. Hii ni lugha nyengine, inaanzia 1 na ya mwisho imo kama R, ila mistari yote unaiandika kwa nukta mbili: `d[2:4, :]`. `d[:, :kilo]` ni kopi, `d[!, :kilo]` na `d.kilo` ni kolamu yenyewe, ukiigusa umeigusa. Kuchuja kukiwa na nafasi tupu inakataa katakata kwa kosa jekundu mpaka useme unataka nini:

```
d[coalesce.(d.kilo .> 40, false), :]
```

Kwa faili la mwanzo inatoa tatu. Binafsi tabia hii naipenda kuliko ya R na ya pandas, inakulazimisha useme Piki umfanye nini.

## Hatua ya 8: Kagua kabla hujatuma kwa mtu

Baada ya kila kuchuja kokote kule weka mistari mitatu hii inayofuata amri ya kuchuja, hata kama data ni ndogo. Kwa R:

```
x <- d[which(d$kilo > 40), ]
nrow(x)
sum(is.na(d$kilo))
stopifnot(!anyNA(x$shehia))
```

Kwa pandas:

```
x = d[d["kilo"] > 40]
print(len(x))
print(d["kilo"].isna().sum())
assert x["shehia"].notna().all()
```

Waliozidi, wasiozidi, na nafasi tupu, ukizijumlisha lazima upate idadi ya mistari yote. Kwa faili la mwanzo ni 3 na 2 na 1, jumla 6. Ukipata 7 kuna `NA` imehesabiwa mara mbili, na hapo 99 kwa 100 umesahau `which`.

Ikigoma bado nitumieni, ila skrinshoti ya kosa peke yake hainisaidii. Nataka amri yenyewe imekopiwa kwa maandishi, na kilichotoka kwenye `str(d)` au `d.dtypes`, na useme umepanga au umechuja jedwali kabla ya hapo au laa.